Gari kuukuu, safari ndefu: ushushe injini, ubadilishe vinavyozeeka, au ubebe gereji?

Shemeji yangu ana Land Cruiser ya mwaka 1993, ile ndefu ya HZJ75 yenye injini ya 1HZ. Mwaka huu amedhamiria kuwapeleka watoto Kigoma kwa bibi yao kwa barabara: Dar es Salaam, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza, hadi Kigoma. Ni karibu kilomita 1,700 za kwenda tu, na njiani anataka kuchepuka Hifadhi ya Katavi na kushuka Kipili watoto wakalione Ziwa Tanganyika. Akiba ya kutengenezea gari anayo, ila haitoshi kila kitu. Fundi wake anamshauri ashushe injini. Rafiki yake wa kazini anamwambia gari linalotembea haliguswi, anunue spea na vifaa ajaze nyuma. Akanipigia simu usiku: "Shemeji, nimsikilize nani?"

Nilimwambia ipo na njia ya tatu, inayokaa katikati ya hizo mbili. Zote tatu nimeziona zikifikisha watu salama, na zote nimeziona zikilaza watu porini. Mimi mwenyewe natembelea Land Rover 110 ya 1996 yenye injini ya 300Tdi, na kwa miaka niliyokaa nayo nimezipitia zote. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza, nikiyapanga vizuri zaidi kuliko nilivyoweza kwenye simu ile.

Tunapima kwa nini

Njia zote nazipima kwa mambo matano yaleyale. La kwanza ni fedha na muda, na muda ni pamoja na siku ambazo gari litakaa gereji wewe ukipanda daladala. La pili ni ubovu upi unaondoka kabla hujaanza safari, na upi unabaki umejificha. La tatu: gari likigoma njiani, unatokaje? La nne ni uzito, maana kila kilo unayopakia inabebwa na springi na beringi zenye umri wa miaka 30. La tano ni mikono. Wewe, au mtu unayesafiri naye, anajua kufanya nini akipewa spana?

Lipime gari kabla hujachagua

Wengi huchagua njia kwanza, halafu ndipo wanatafuta sababu. Naomba uanze na gari lenyewe. Amka asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, ongeza maji yafike juu, mwambie mtu apige stata, wewe uyatazame maji. Yakitulia, vyema. Yakitoa mapovu mfululizo hata injini haijapata moto, kuna uwezekano mkubwa kwamba upepo wa silinda unapenya kwenye gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini), au hedi yenyewe ina ufa.

Funika rejeta, acha injini ipate moto, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili ikiwa inanguruma taratibu. Mvuke kidogo ni kawaida kwa umri huo. Ukiulaza mfuniko juu ya tundu ukaanza kurukaruka kwa nguvu ya pumzi inayotoka chini, ringi za pistoni zimechoka. Moshi nao usome: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chanzo ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli za kupulizia dizeli, mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia mahali yasipotakiwa.

Mwisho tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupimia nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, apime silinda moja baada ya nyingine akiandika namba kwenye karatasi. Tazama zaidi tofauti kati yao. Silinda sita zilizochoka kwa usawa bado zinaweza kukufikisha Kigoma na kukurudisha. Tano nzima na moja iliyoanguka vibaya, hapo usianze safari mpaka ujue sababu.

Karatasi ile itakusaidia kuliko ushauri wowote, huu wangu ukiwemo.

Njia ya kwanza: kushusha injini

Hapa injini inatolewa, inafunguliwa yote, inajengwa upya. Wenye uwezo huunganisha na giaboksi, klachi na difu.

*Fedha na muda.* Ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Kuna kuchonga kranki, kuboa silinda, pistoni na ringi, beringi za ndani, vali, seti nzima ya gasketi, pampu ya dizeli na nozeli kupelekwa kwenye mashine kupimwa. Fundi akikuambia wiki mbili, kwenye kalenda yako andika miezi miwili. Hakudanganyi, ni kwamba spea moja ikija saizi isiyo yenyewe, kazi yote inasimama mpaka mtu arudi tena dukani, na wakati mwingine mpaka mzigo uje kutoka nje.

Injini ikishafungwa, bado kuna kuilainisha. Panga kilomita 1,000 za kuizoesha bila mzigo mzito na bila kushikilia mwendo mmoja saa nzima, kisha umwage oili na kubadilisha filta. Dar hadi Tanga na kurudi ni kama kilomita 700; ongeza Morogoro na kurudi, umetimiza. Katika kilomita hizo ndipo nati iliyosahaulika inajionyesha, na ni heri ijionyeshe Chalinze, karibu na nyumbani, kuliko Sitalike kule Katavi.

*Ubovu unaoondoka na unaobaki.* Unaondoka ule wa ndani kabisa, ambao porini hauna dawa. Mara ya kwanza kupanda mlima Kitonga baada ya kujenga injini yangu, nikiwa na mzigo na watu wanne, sindano ya joto haikutikisika na nyuma hapakuwa na moshi. Furaha ile sijaisahau.

Ila mwaka huohuo, kati ya Laela na Sumbawanga, niliona mvuke unatoka chini ya boneti. Hosi ya hita ilikuwa imepasuka. Hita, kwenye gari la Dar es Salaam! Kitu ambacho hakijawahi kuwashwa, lakini maji ya injini yanapita humo saa zote. Nilikuwa nimelipia kila kitu kilichomo ndani ya chuma na nikaacha mpira wa mwaka 1996 nje yake. Nilizima injini mapema, ndiyo salama yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza baiskeli kando ya barabara akaja na kisu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hii inapeleka wapi?"

Nikamwambia inapeleka joto ndani ya gari. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema hapana. Akaikata hosi penye uzima, akaizungusha ikatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye hita, akakaza klipu mbili kwa bisibisi ya baiskeli. Tukajaza maji, tukatoa upepo, nikafika Sumbawanga usiku. Kile kipande kilichokatwa ninacho hadi leo. Kwa nje ni cheusi na kinang'aa. Ukikibana kwa vidole kinafunguka nyufa ndogondogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

*Likigoma njiani.* Injini iliyojengwa vizuri inakupunguzia sana uwezekano wa kuvutwa. Iliyojengwa vibaya inagoma kwa namna ambayo wewe na fundi wa njiani hamuwezi kuimaliza.

*Uzito.* Mwepesi. Unaondoka na vifaa vya kawaida.

*Mikono.* Inategemea mikono ya mtu mwingine, kwa hiyo mchague huyo kwa makini kuliko unavyochagua spea. Omba urudishiwe vyuma vya zamani, uwepo siku hedi inafungwa, na uulize kama rechi ya kupimia mkazo inatumika au ni nguvu ya bega.

*Inamfaa* mwenye karatasi ya kompresheni inayosema injini imekwisha, anayetaka kukaa na gari hilo miaka kumi mingine, na ambaye safari yake iko mbali miezi minne au zaidi.

Njia ya pili: kubadilisha vinavyozeeka

Injini haifunguliwi. Unawinda vitu vinavyochakaa kwa umri hata gari likiwa limeegeshwa: mpira, mikanda, grisi, maji, oili ya breki, tairi. Gari linaweza kukaa uani miaka minne, vitu hivi vikaendelea kuzeeka kimyakimya.

*Fedha na muda.* Gharama ni ya katikati, na uzuri wake unaweza kuigawa: mwezi huu breki, mwezi ujao tairi, unaofuata upande wa maji. Kazi yenyewe, spea zikiwa mkononi, ni wiki moja hadi mbili.

*Ubovu unaoondoka na unaobaki.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo magari mengi makuukuu yanapokwamia.

Nianze kueleza maji. Badilisha hosi zote, za hita zikiwemo, na klipu zake. Mfuniko wa rejeta pia, maana springi yake ikilegea maji yanachemka mapema. Kisha kuna thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Gereji nyingi huitoa na kuitupa kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Nakusihi uirudishe. Kwenye injini nyingi thamostati inapofunguka ndipo inapoziba njia ya mkato. Ukiiondoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya kupanda mlima na mzigo ndipo utaona sindano inapanda. Wenye 300Tdi, tazameni zile plagi za plastiki za kutolea upepo juu ya rejeta na kwenye nyumba ya thamostati. Plastiki ya umri huo inavunjika ukiigusa tu. Zipo za shaba, na bei yake ni ndogo.

Mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali zifuatane na pistoni. 300Tdi na 1HZ zote mbili zinatumia mkanda wa mpira, na ukikatika uharibifu unaingia ndani ya injini. Toyota iliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kilomita 100,000 zikitimia. Lakini taa hiyo inaifuata geji ya kilomita, na gari la 1993 ambalo kebo ya spidi imewahi kukatika, au dashibodi imewahi kubadilishwa, haliwezi kukuambia ukweli. Kama huna karatasi inayoonyesha lini mkanda ulifungwa, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. 300Tdi za mwanzo zilijulikana kwa mkanda kuhamia pembeni na kujisaga, kwa hiyo fundi akifungua kava atazame kama kuna vumbi jeusi la mpira. Akifunga mpya, afunge na tenshena yake, kile kinachoukaza.

Beringi za magurudumu. Piga jeki, shika tairi juu na chini kwa mikono miwili, litikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Halafu endesha kilomita 30, simama taratibu bila kukandamiza breki, gusa kila habu (kitovu cha gurudumu) kwa kiganja. Zote zitakuwa vuguvugu. Ile inayokufanya uondoe mkono haraka ndiyo ya kufungua. Kwa umri huu mimi nafungua zote, naosha grisi ya zamani, naweka mpya na sili mpya, hata kama hazijalalamika.

Breki: mipira ya silinda, na hosi zake, ambazo kwa nje huonekana nzima huku ndani zimevimba. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo imwage yote kama imepita miaka miwili. Bushi na shokamzoba usizionee huruma. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati la migongo huzimaliza zilizobaki nusu ndani ya siku moja. Umeme, safisha waya za athi kutoka betri hadi injini na chesisi, na ufunge betri isicheze.

Tairi zina tarehe. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondoke hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu. Kagua na la akiba. Mara nyingi ndilo zee kuliko yote, limekaa juani miaka yote likisubiri siku moja tu.

Kinachobaki ni ndani ya injini na ndani ya giaboksi. Umekubali kuviamini kwa sababu ya karatasi ya kompresheni na kwa sababu unalijua gari lako.

*Likigoma njiani.* Matatizo mengi yatakayobaki ni madogo, na spea ulizozitoa zikiwa bado zinafaa, mkanda wa feni wa zamani au hosi iliyokuwa nzima, zinakuwa akiba yako. Umeshawahi kuzifungua, kwa hiyo unajua zinatokaje.

*Uzito.* Wa kati.

*Mikono.* Hii ndiyo njia inayokufundisha. Ukikaa na fundi siku ya kufungua habu, safari ijayo utafungua mwenyewe.

*Inamfaa* mwenye injini inayopumua vizuri, asiye na historia kamili ya gari, mwenye familia ndani, na mwenye mwezi mmoja au miwili ya kujiandaa.

Njia ya tatu: kubeba gereji

Madereva wa malori wametembea hivi miaka yote: sevisi ya kawaida, oili na filta mpya, kisha fedha iliyobaki inaingia kwenye spea, vifaa na utingo anayejua kazi. Gari linaachwa lilivyo.

*Fedha na muda.* Siku tatu zinatosha kama duka lina vitu. Spea isiyotumika inabaki mali yako, na vifaa vinakaa maisha yako yote. Ila jumla inapanda bila kuiona, kwa sababu kila usiku unakumbuka kitu kingine.

*Ubovu unaoondoka na unaobaki.* Hauondoki hata mmoja. Umekubali kukutana nao njiani, ukiwa umejiandaa. Naiheshimu njia hii kwa sababu imemwokoa rafiki yangu mbele ya macho yangu. Tulikuwa Kenya kaskazini, tumetoka Marsabit kuelekea North Horr. Kutoka Isiolo hadi Moyale siku hizi ni lami, lakini ukiiacha Marsabit ukageukia jangwa la Chalbi na Loiyangalani ni mawe na vumbi. Land Cruiser yake ikakata jani kuu la springi ya nyuma. Alikuwa nalo la akiba, pamoja na senta bolti na yubolti mbili za kulifungia. Tulilaza turubai, tukapandisha chesisi, na baada ya saa tatu tukaondoka. Mimi na gari langu lililobadilishwa kila mpira ndani yake ndiye niliyekuwa nashika tochi.

*Likigoma njiani.* Kwa ubovu uliouwaza, hakuna njia inayoishinda. Kwa usiouwaza, inategemea barabara. Spea za 1HZ utazikuta miji mingi, kwa sababu magari ya serikali, hospitali na miradi yametumia injini hiyo kwa miongo. Land Rover ina wenyewe Arusha na Nairobi, lakini ukivuka Sumbawanga kwenda Mpanda usitegemee kukuta gasketi ya 300Tdi dukani. Mwenye Land Rover anayechagua njia hii abebe zaidi kuliko mwenye Toyota.

*Uzito.* Hapa ndipo pagumu. Matairi mawili ya akiba na rimu zake yanapita kilo 60. Jeki ndefu aina ya Hi-Lift ni kama kilo 13. Lita 40 za maji ni kilo 40, lita 40 za dizeli ni kama kilo 34. Ongeza stata, alteneta, springi, oili na sanduku la spana: umepita kilo 200 kabla hata mtoto mmoja hajapanda. Mzigo huo unakaa juu ya springi ambazo hukuzigusa. Vyuma vizito vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Juu ya keria weka turubai na magodoro.

Na kila spea ijaribiwe ikiwa imefungwa kwenye gari kabla ya kuondoka. Alteneta ya 1HZ ina pampu ya vakyumu nyuma yake, ndiyo inayosaidia breki. Ukinunua ya mtumba isiyo na pampu hiyo, utapata umeme na kupoteza wepesi wa breki. Vilevile baadhi ya Land Cruiser hizi ni za volti 24 na nyingi ni za 12. Nimemwona mtu akigundua hilo akiwa ameshafika porini na stata isiyo yake mkononi.

*Mikono.* Bila fundi ndani ya gari, umebeba vyuma tu.

*Inamfaa* anayejua kufanya kazi mwenyewe au anayesafiri na fundi, msafara wa magari mawili au zaidi, na aliyebakiwa na siku chache.

Sanduku la vifaa, ukishika njia yoyote

Vifaa vifuate gari. Toyota inataka spana za 10, 12, 14, 17, 19 na 22. Land Rover ya 300Tdi inataka 10, 13, 17 na 19, na bado nati za propela shafti zinataka ya inchi, 9/16. Nati za tairi ni 21 kwa Land Cruiser na 27 kwa Land Rover. Kifaa kinachosahaulika kuliko vyote ni boksi spana ya nati kubwa ya habu: 54 kwa Land Cruiser, 52 kwa Land Rover. Bila hiyo, beringi ikifa utaona mafundi wakiigonga nati kwa patasi na nyundo mpaka kingo zake ziishe.

Jeki beba mbili. Ile ndefu inanyanyua juu na kukutoa kwenye matope, lakini inapenda kuteleza, na mpini wake ukiponyoka unavunja taya. Usikae mbele ya mpini, wala usiingie chini ya gari lililosimama juu yake. Kwa kubadilisha tairi jeki fupi ya oili ni salama zaidi, na chini yake weka ubao mnene wenye upana wa kitabu kikubwa ili isizame.

Filta za dizeli mbili au tatu, kwa sababu ndoo moja ya mafuta yenye maji inatosha kukusimamisha. Jifunze kutoa upepo kwenye dizeli nyumbani: 1HZ ina pampu ya mkono juu ya filta, 300Tdi ina kiwiko kidogo kwenye pampu ya kuvuta mafuta. Fanya mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku kwa tochi.

Vingine ni vya kawaida: vifaa vya kuziba pancha, pampu ya upepo na geji, kamba ya kuvutia, koleo la kuchimbia, waya, fyuzi, gundi ya chuma, mikanda ya feni, klipu za saizi zote, na mita moja ya hosi ya hita. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu na mkono. Trafiki ataviuliza, na moto ukiwaka hutakuwa na muda wa kupakua mizigo.

Chagua kwa hali yako

Kama maji ya rejeta yanatoa mapovu au silinda moja imeanguka, njia ya pili na ya tatu hazikufai. Shusha injini, au angalau hedi, na usogeze tarehe ya safari. Hata hivyo toa fedha kidogo kwa hosi na mikanda katika kazi hiyohiyo. Injini ikiwa nje, kila kitu kinafikika na kazi ya mkono umeshailipia.

Kama injini iko sawa na ndani kuna watoto au wazee, shika njia ya pili, uanze na breki, tairi, beringi na maji, kwa mpangilio huohuo. Fedha ikiisha katikati, umeshafanya vile vinavyoua na vile vinavyosimamisha.

Kama umenunua gari wiki tatu zilizopita na safari ni mwezi ujao, usifungue injini na usijaze spea kwa kubahatisha. Badilisha mkanda wa taimingi na oili zote, kisha tembea nalo Bagamoyo, Morogoro, popote, likiwa na mzigo kamili. Litakuambia lenyewe linataka nini.

Kama mko magari mawili na fundi mmoja, njia ya tatu inawafaa, hasa magari yakiwa ya aina moja. Gaweni spea, mwingine abebe alteneta, mwingine stata. Na kama unaishia kwenye lami, mji hadi mji, punguza nusu ya mzigo huo. Nafasi hiyo wape abiria.

Mwenye Land Rover anayekwenda magharibi aongeze spea za maji na gasketi. Mwenye Land Cruiser aongeze jani la springi na senta bolti yake. Wote wawili, mwezi Machi au Aprili, waongeze siku mbili kwenye ratiba kwa ajili ya matope ya Katavi.

Shemeji yangu amepima Jumamosi iliyopita. Silinda zote sita zinakaribiana, maji yametulia, moshi hakuna. Tairi la akiba limesomeka 0811. Mkanda wa taimingi hana kumbukumbu nao. Amechagua njia ya pili, na kutoka ya tatu ameazima filta za dizeli na jani moja la springi. Jumamosi ijayo tunafungua habu za mbele pamoja, yeye akiwa ameshika spana ya 54 na mimi nikishika tochi.